Fyuzi ya taa za breki inaungua kila mara: RAV4, Bukavu

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Jambo wote. Naomba msaada wa wanaojua umeme wa gari.

Gari ni Toyota RAV4 ya 2003, usukani wa kulia, gia otomatiki, ile ambayo mlango wa nyuma unafunguka kwa upande na umebeba gurudumu la akiba. Fyuzi yenye maandishi STOP inaungua. Kuna wakati inashika siku mbili nzima, kuna wakati inakatika kabla sijafika Nyawera kutoka Nguba. Gari ikilala bila mtu kukanyaga pedali, haiungui. Kwenye mashimo inaungua upesi, na mvua ikinyesha ndiyo mbaya zaidi. Ikishaungua, mkono wa gia unakataa kutoka P mpaka nibonyeze kile kitufe kidogo cha SHIFT LOCK pembeni yake. Taa za usiku, taa za kukata kona na taa ya kurudi nyuma zote ziko sawa.

Nimebadilisha ampuli (balbu) zote mbili za nyuma, bila faida. Mmoja ananiambia niweke fyuzi ya 30A ili nipumzike. Mwingine anasema swichi ya pedali imekufa. Nina mita ya digitali ya bei ndogo. Nimetoa fyuzi, nikaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) kati ya ule mdomo wa fyuzi unaoelekea kwenye taa na masi ya bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye batri, mwenzangu akakanyaga pedali: inasoma 0.6. Hiyo si shoti tayari? Nianzie wapi kabla ya kung'oa zulia lote?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Ndugu, hiyo 0.6 si shoti. Hizo ni ampuli zako zenyewe.

Uzi wa ampuli ukiwa baridi una ukinzani mdogo mno. Ampuli ya wati 21 kwenye volti 12 inakula karibu 1.75A ikiwaka, maana yake ikiwa moto inakupa kama omu 7. Ikiwa baridi haifiki hata omu moja. Sasa weka mbili au tatu sambamba, ongeza na ukinzani wa nyaya za mita yenyewe (gusanisha ncha zake uone, mita za bei ndogo husoma 0.2 au 0.3 peke yake), utapata 0.6 kwenye gari nzima kabisa. Watu wengi wamefungua dashibodi bure kwa sababu ya namba hiyo. Ukitaka kupima kwa omu, kwanza toa ampuli zote za breki, pamoja na ile taa ya tatu ya juu ya mlango.

Fyuzi ya 30A usiiweke. Fyuzi hailindi ampuli, inalinda waya. Waya wa taa za breki ni mwembamba, chini ya milimita moja ya mraba, na batri yako inaweza kutoa mamia ya ampea bila kuchoka. Ukiweka 30A, wa kuungua atakuwa waya, chini ya zulia, kando ya nyaya nyingine ambazo nazo zitayeyuka. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni hatari zaidi, haikatiki kabisa. Weka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi na si zaidi.

Swichi ya pedali nayo nina shaka nayo. Kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha tu. Ikifa, taa zinabaki zinawaka usiku kucha au haziwaki kabisa, lakini fyuzi haiungui. Kinachoweza kuunguza fyuzi pale ni waya wake ukisuguana na chuma cha pedali. Hiyo utaikagua kwa tochi dakika mbili.

Na gia kukwama kwenye P si ugonjwa wa pili. Kifaa kinachofunga gia kinasubiri alama ya breki kutoka kwenye waya huo huo wa STOP. Fyuzi ikikatika, hakijui kwamba umekanyaga.

Sasa njia yenyewe. Umeme unatoka kwenye batri, unapita fyuzi ya STOP, unafika kwenye swichi ya pedali. Kipande hiki kina umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kama shoti ingekuwa hapo, fyuzi ingekatika hata gari ikiwa imelala. Yako inasubiri pedali, kwa hiyo shoti iko baada ya swichi. Tayari umeokoa nusu ya kazi. Kutoka kwenye swichi waya unapita kando ya milango chini ya zulia mpaka nyuma, kisha unagawanyika: taa ya kushoto, taa ya kulia, na mlango wa nyuma kwa ile taa ya tatu. Matawi mengine yanaenda kwenye kompyuta ya ABS na kwenye kifaa cha gia. Kama gari iliwahi kufungwa ndoano ya kuvuta trela, au alamu, tafuta hapo pia. Wafungaji huchuna waya, wanasokota, wanapiga skochi (utepe wa gundi), wanaondoka.

Acha kununua fyuzi. Tengeneza taa ya kupimia. Chukua fyuzi iliyokwisha kuungua, vunja plastiki kidogo juu, lehemu nyaya mbili kwenye yale meno mawili, na mwisho wa nyaya hizo funga soketi yenye ampuli ya wati 21. Usiingize waya mtupu kwenye mdomo wa fyuzi, unapanua vibano vyake na baadaye fyuzi nzima itakaa imelegea na kupata moto.

Toa ampuli zote za breki, chomoa taa ya tatu. Chomeka hiyo taa ya kupimia mahali pa fyuzi. Bana pedali kwa fimbo kati yake na kiti. Taa ikibaki giza, kwa sasa hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu, shoti iko hapo na sasa hivi. Uzuri wake ni kwamba hata shoti iwe kamili, ampuli hairuhusu zaidi ya 1.75A kupita, kwa hiyo unaweza kutafuta saa nzima bila kuunguza kitu, na jicho lako linaona kila mara mguso unapotokea na kuachia. Mita haikuonyeshi hivyo, namba zake zinachelewa.

Kumbuka: ukisahau ampuli za nyuma ndani, taa ya kupimia itawaka tu, kwa sababu umeme unapita kwenye ampuli hizo kurudi masi. Hapo utadhani umepata shoti.

Ikiwaka, anza kukata matawi. Chomoa plagi ya mlango wa nyuma kwanza. Imezimika? Shoti iko mlangoni. Bado? Chomoa taa ya kushoto, kisha ya kulia. Ikibaki inawaka na vyote vimechomolewa, ndipo zulia litakapohusika.

Himbi_Elektrik (Goma)

Fundi amesema kweli yote. Mimi naongeza juu ya mahali pa kuanzia, maana dalili alizotoa mwenye gari zinaelekeza kidole moja kwa moja.

Mashimo na mvua, na gari yenye mlango wa nyuma wa bawaba. Pale kati ya bodi na mlango kuna mpira wa mikunjo kama bomba, na ndani yake zinapita nyaya zote za mlango: taa ya tatu ya breki, taa ya namba, kipangusio, kufuli, na kipasha joto cha kioo kama kipo. Kila ukifungua mlango nyaya hizo zinakunjwa mahali pale pale. Baada ya miaka ishirini ganda la plastiki limekauka, linapasuka kwanza, halafu nyuzi za shaba zinakatika moja baada ya nyingine. Kwenye RAV4 hiyo mlango ni mzito kwa sababu ya gurudumu la akiba. Bawaba zikilegea unatikisika hata ukiwa umefungwa, na huku kwetu Goma juu ya mawe ya lava tunaiona shida hii kwenye magari ya namna hiyo mara nyingi kuliko shida nyingine yoyote ya taa za breki.

Shoti haihitaji waya uguse bodi. Ndani ya mpira kuna waya wa masi pia. Mipasuko miwili ikikutana, wa STOP na wa masi, fyuzi imekwenda. Maji yakiingia kwenye mpira yanaongeza ukoko wa kijani, yaani shaba inayooza, na huo unapitisha umeme kidogo kidogo kati ya nyaya zilizovuliwa ganda.

Kwa hiyo ukishaweka ile taa ya kupimia, usikae tu kuiangalia. Mwambie mtu afungue mlango wa nyuma polepole mno, kutoka kufungwa mpaka mwisho, kisha aurudishe. Asimame kila sentimita kumi na kuutikisa. Baadaye mlango ukiwa nusu, kamata mpira kwa mkono na uupinde juu, chini, kuusokota. Taa ikipepesa hata mara moja, chomoa mpira. Unatoka kwa vidole tu upande wa bodi, una mdomo unaoingia kwenye tundu la chuma. Sukuma nyuma uone nyaya zenyewe.

Neno moja juu ya ampuli ulizobadilisha, ili tuziondoe kwenye orodha. Kama soketi yako ni ya kusukuma na kuzungusha, ampuli ya taa za usiku na breki pamoja ina vidoti viwili vya risasi (ile ya kulehemia) chini na nyuzi mbili ndani, 21/5W, na pini zake za pembeni haziko sawa kwa urefu. Ile ya doti moja ina pini sawa. Mtu akiilazimisha iingie, doti yake kubwa inagusa vidole vyote viwili vya soketi na kuunganisha waya wa breki na wa taa za usiku. Hapo ukikanyaga breki mchana utaona taa za dashibodi zinawaka. Ampuli iliyokufa nayo huleta fitina: uzi wa breki ukikatika unaweza kuanguka juu ya uzi mdogo na kushikana nao. Angalia ndani ya kioo dhidi ya mwanga, na angalia kama risasi ya chini haijayeyuka na kutambaa.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Nimefanya leo asubuhi, matokeo ni haya.

Ampuli zote nje, taa ya tatu imechomolewa upande wa ampuli yake: mita haisomi kitu, njia iko wazi. Taa ya kupimia mahali pa fyuzi, pedali imebanwa: giza. Nimetikisa nyaya za pedali, giza. Mlango wa nyuma kutoka kufungwa mpaka nusu, giza. Baada ya nusu taa ikapepesa, na karibu na mwisho ikawaka kabisa na kubaki. Nikachomoa plagi ya mlango iliyo nyuma ya plastiki ya ndani upande wa bodi: giza, hata nikitikisa kwa nguvu.

Mpira nimeusukuma. Nyaya nne zimepasuka ganda. Mbili kati yake shaba iko nje kwa urefu wa kama sentimita moja, na moja imebaki na nyuzi tatu au nne tu zilizoshikilia. Rangi ya kijani iko kila mahali. Ampuli nimezikagua, ni za nyuzi mbili na ziko safi.

Maswali: naweza kuziba kwa skochi tu? Nina waya wa umeme wa nyumba wa 1.5, utafaa? Na nimeona kitu kingine: taa za usiku zikiwa zimewashwa, nikikanyaga breki, upande wa kulia unawaka dhaifu kuliko kushoto. Ni shoti nyingine?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Umefanya kazi nzuri. Shoti umeipata, sasa usiiharibu kwa haraka.

Skochi hapana. Mahali panapokunjwa skochi inaachia, gundi yake inakuwa uji wakati wa jua, na zile nyuzi tatu zilizobaki zitakatika mwezi ujao. Waya wa nyumba ule mgumu, wenye shaba moja nene ndani, ni mbaya kuliko skochi: ukunje mara mia, unavunjika kama kijiti. Unahitaji waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, 0.75 mpaka 1 mm² kwa taa, kufuli na taa ya namba. Kama mlango wako una kipasha joto cha kioo, utaona nyaya mbili nene kuliko wenzake. Hizo ziwekee 2.5 mm², zinakula umeme mwingi. Wauzaji wa vipuri vya magari yaliyovunjwa wanakata fungu la nyaya kutoka kwenye gari jingine na kukuuzia kwa mita. Chagua lililotoka ndani ya gari, si kwenye injini, na likunje kwanza. Ganda likilia au kuonyesha mistari myeupe, liache.

Toa ncha ya hasi ya batri. Piga picha. Kisha fanya waya mmoja mmoja, usikate zote nne kwa pamoja, kwa sababu unaweza kukuta mbili za rangi moja na hapo utaanza kazi ya siku nyingine.

Jambo ambalo wengi wanakosea ni mahali pa kiungo. Kiungo kilicholehemiwa kinakuwa kigumu, na waya unavunjika pale pale ugumu unapokwishia. Kwa hiyo kiungo kisikae ndani ya mpira wa mikunjo hata kimoja. Kata waya wa zamani upande wa bodi, sentimita tano au zaidi ndani ya tundu, na upande wa mlango vivyo hivyo, halafu weka kipande kipya kirefu kinachopita mpira mzima bila kiungo. Huwa ni sentimita 25 mpaka 35. Pima mlango ukiwa wazi mpaka mwisho, ongeza kidogo. Viungo vya nyaya mbalimbali visikae mstari mmoja, vipishane sentimita tatu tatu, vinginevyo fungu linavimba na hutaweza kulirudisha kwenye tundu.

Ukichuna waya wa zamani ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata nyuma mpaka ukute shaba nyekundu inayong'aa. Risasi haishiki kwenye shaba nyeusi, inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la kalokasia. Tumia risasi ya umeme yenye dawa yake ndani. Ile asidi ya kulehemia rejeta au mabati usiiguse, itaendelea kula waya baada ya wewe kumaliza. Kabla ya kusokota ingiza kwanza mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Kila mtu anausahau mara ya kwanza, analehemu, halafu anauona mezani. Unyweshe kwa kiberiti cha gesi, mwali ukipita chini haraka haraka bila kusimama.

Ukimaliza fungu lote, lifunge kwa skochi ya kitambaa kwenye ncha mbili tu. Sehemu ya katikati inayokunjwa iache huru ndani ya mpira, nyaya ziweze kuteleza moja juu ya nyingine.

Juu ya upande wa kulia ulio dhaifu: hiyo si shoti. Shoti inaunguza fyuzi, haipunguzi mwanga wa upande mmoja. Hiyo ni masi mbovu ya taa ya kulia.

Katuba_Otoelektrik (Lubumbashi)

Habari za huko Kivu. Nadandia hapo kwenye masi, maana watu wanazichanganya shida hizi mbili na wanabadilisha vitu visivyo na kosa.

Uzi wa breki na uzi wa taa za usiku ndani ya ampuli moja wanarudi kwa njia moja ya masi. Masi hiyo ikiwa na kutu, taa za usiku peke yake zinapita vizuri kwa kuwa ni wati 5. Ukikanyaga breki unaongeza wati 21 na njia inakuwa nyembamba. Mwanga unashuka, na masi ikifa kabisa umeme unatafuta kurudi kupitia uzi wa pili na ampuli nyingine, ndipo unapoona taa za kona zinawaka kidogo ukikanyaga breki. Kuipima usitumie omu, tumia volti. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye waya wa masi ndani ya soketi ya kulia, nyingine kwenye ncha ya hasi ya batri kwa waya mrefu. Washa taa, kanyaga breki. Njia nzuri inaonyesha chini ya 0.2V. Ukiona 0.5 au volti nzima, fuata waya wa masi mpaka kwenye boliti yake kwenye bodi, fungua, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, paka grisi kidogo, kaza. Angalia na soketi yenyewe: kwenye RAV4 za umri huo gasketi ya taa imekwisha kuwa ngumu, maji yanaingia na kula vidole vya soketi. Huku Lubumbashi vumbi jekundu la kiangazi linajaa ndani, mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zinaligeuza tope, na taa zinaanza kufa kwa pamoja.

Sasa kwa wengine watakaosoma hapa na shoti yao haiko mlangoni. Umechomoa mlango, taa zote mbili, na taa ya kupimia bado inawaka. Mara nyingi maana yake ni kwamba shoti iko kwenye fungu refu chini ya zulia: boliti ya kiti imelitoboa, au plastiki ya mlangoni imelibana. Usipasue fungu lote. Badala ya ampuli ya 21W weka ya taa kubwa ya mbele, ule uzi wa 55W, ipitishe kama 4.5A. Mwenzako akanyage na kuachia pedali kila sekunde moja. Chukua dira, au simu yenye programu ya dira, iweke juu ya fungu ukianzia kwenye pedali na uisogeze kuelekea nyuma. Waya unaopitisha umeme una sumaku yake, kwa hiyo sindano itaruka kila mwenzako akikanyaga. Usijali inaelekea kaskazini au wapi, bodi ya chuma imekwisha kuivuruga. Angalia kuruka tu. Pale inapoacha kuruka, umeme umeshashuka kwenye bodi. Rudi nyuma kiganja kimoja, fungua hapo.

Inataka utulivu: redio imezimwa, taa zimezimwa, umeme mwingine wowote katika fungu lile utakudanganya.

Na kabla hamjafunga kila kitu, ampuli za LED za bei ndogo zinazouzwa badala ya 21/5W: ziacheni kwenye gari hizi. Nyingine zina vikinzani ndani vinavyopata moto kiasi cha kulegeza plastiki ya soketi, na ikishalegea vidole viwili vinakutana. Shoti mpya, mahali papya.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Imekwisha. Nyaya nne nimeziweka mpya kwa kipande kirefu kama mlivyosema, viungo viwili viwili nje ya mpira. Mlango nimefungua na kufunga mara thelathini na taa ya kupimia mahali pa fyuzi, ampuli zikiwa nje: giza muda wote. Masi ya kulia ilikuwa inaonyesha 0.9V, boliti nimeikwangua, sasa ni 0.08V na mwanga uko sawa pande zote.

Nimerudisha ampuli zote, fyuzi mpya ya namba ya mfuniko. Swali la mwisho: kuna namna ya kuhakikisha bila kusubiri siku mbili za barabara?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Ipo. Toa tena hiyo fyuzi, weka mita mahali pake, kwenye tundu la 10A la mita na si lile la mA, injini imezimwa. Kwanza hakikisha taa ya kupimia imekaa giza kama ulivyofanya, vinginevyo utaunguza mita yenyewe au fyuzi yake ya ndani. Kanyaga pedali. Kama ampuli zote tatu ni za 21W, utapata karibu 5A, zaidi au chini kidogo kulingana na batri. Kama taa ya tatu ni ya LED au ya wati ndogo, ni kati ya 3.5 na 4. Mwanzoni namba itaruka juu halafu itashuka: ni zile nyuzi baridi tulizozisema. Ikitulia na kubaki hapo huku mtu akitikisa mlango, basi. Ukiiona inapanda polepole badala ya kutulia, kuna mahali panavuja bado, angalia ukoko wa kijani kwenye plagi ya mlango uliyoichomoa.

Himbi_Elektrik (Goma)

Na ule mpira wa mikunjo, urudishe vizuri kwenye tundu lake pande zote mbili, mdomo wote uingie. Kama umepasuka, usiuache hivyo kwa kuwa taa zimewaka. Mvua ya Bukavu itapita kwenye mpasuko huo, itateremka juu ya nyaya mpya mpaka kwenye viungo ulivyolehemu. Mpira wa gari iliyovunjwa unafaa, hata wa aina nyingine mradi vipenyo vya matundu vinalingana. Tengeneza pia mteremko kidogo wa waya upande wa ndani, uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji litakaloingia lidondoke hapo chini na lisifike kwenye plagi.